Giza la Kupanga

Kupiga picha kwa kamera ya filamu si kazi. Kazi ni giza. Huku Tandika, Dar, giza la kweli halipatikani, na ukilipata, wapangaji wenzako nao wamelipata, kila mmoja ana shughuli nalo.

Kamera yenyewe ni Zenit-E, ya Kirusi, chuma kitupu. Baba mdogo alirudi nayo kutoka Moscow alikokwenda kusoma enzi za Usovieti, ikakaa juu ya kabati miaka yote hiyo ikisubiri mjinga. Mita yake ya mwanga ilishakufa, lakini kwa Dar mita ya nini? Jua la saa sita halibishani na mtu. Tundu la lenzi unaliweka 16, spidi unaifuatisha na ISO ya filamu, yaani wepesi wake wa kushika mwanga. Mimi nilikuwa na Ilford HP5, nyeusi na nyeupe, ISO 400, niliyoletewa na binamu kutoka Uingereza, kwa hiyo 16 kwa 1/500 ya sekunde, na hapo ndipo Zenit inapoishia mbio zake.

Nikapiga vitu vya kisanii. Pantoni ya Kigamboni ikiingia na watu wamening'inia. Wauza samaki wa Feri. Sanamu ya Askari, aliyesimama katikati ya mji na bunduki yake tangu 1927, nikamvizia mpaka kivuli kikakaa ninavyotaka. Tatizo nilirudi nyumbani filamu haijaisha. Ukionekana uani na kamera ile, hutoki. Mama mwenye nyumba akaingia ndani, akatoka na kanga mpya, akakaa kwenye kiti cha plastiki, mkono shavuni: "Nipige kama zamani." Baba Shukuru akataka yeye na pikipiki. Mama Shukuru akasema hana muda wa upuuzi, kisha akajitokeza na beseni lake la vyombo kwenye picha za wenzake wote. Filamu ikaisha.

Sasa kusafisha. Mzee mmoja aliyekuwa na studio ya pasipoti saizi, sasa anauza vocha, akanigawia unga wa kukazia picha uliobaki. Ile dawa ya kuitoa picha hakuwa nayo, ila hiyo ina njia ya jikoni. Mwaka 1995 darasa moja la mwalimu Scott Williams huko Rochester, Marekani, lilisafisha filamu kwa kahawa ya unga na soda ya kufulia, na watu waliofuata wakaongeza vitamini C. Kwa lita moja: kahawa gramu 40, soda 54, vitamini 16. Nikachukua Africafe. Soda nikaipata Kariakoo kwa watengeneza sabuni. Vidonge vya vitamini nikavitwanga kwenye kinu cha Mama Shukuru.

"Dawa ya nini hiyo?"

"Ya picha."

Akanyamaza. Baadaye nilimwona anakiosha kinu kwa maji ya moto.

Kuna kitu vipimo havikutaji. Kahawa ikikutana na ile soda, inatoa harufu kama soksi za mlinzi wa usiku mwezi wa masika. Nyumba nzima ilijua kuna jambo linapikwa, na si chakula.

Tena dawa inatakiwa iwe na baridi ya nyuzi 20, na maji ya tangi la juu ya bati yanakaribia 30. Nikamtuma Shukuru barafu. Akarudi na barafu za ubuyu, moja iko mdomoni. Sikuwa na la kufanya, mfuko ni mfuko na baridi ni baridi, nikazipanga ndani ya ndoo pamoja na dawa.

Kilichobaki ni kuivisha filamu kwenye spulu ya plastiki, na hapo ndipo panapotaka giza la kaburi, maana filamu ambayo haijasafishwa ikiona mwanga, picha zake zimeungua. Hata taa ya simu hapana. Chumba changu kinapigwa na taa za baa ya jirani usiku kucha. Choo hakina dirisha, lakini swichi yake iko nje, na kila anayepita lazima aiguse. Basi nikakaa nawaza. Saa mbili na nusu usiku, umeme ukakatika. Mtaa mzima ukaguna, mimi nikasema alhamdulillahi, nikabeba ndoo yangu nikajifungia chooni, kanga nimeisokomeza chini ya mlango.

Filamu ya picha 36 ina urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Mle ndani joto, jasho linadondoka, na plastiki ikipata unyevu filamu inang'ang'ania. Ninaivuta kidogo kidogo kutoka kwenye kikopo chake, inaingia, inakwama, naibembeleza. Mlango ukagongwa.

"Nani humo?" Baba Shukuru, na sauti ya mtu ambaye tumbo limemkabidhi barua.

"Mimi."

"Unakaribia?"

"Nimefika nusu."

"Nusu ya nini?"

Miguu ikaongezeka nje. Mama mwenye nyumba akauliza foleni ya nini. Mama Shukuru akaeleza habari za kinu, kwa kirefu. Kisha Baba Shukuru, mtu wa huruma hata akiwa na shida, akainama: "Mwanangu, nakupitishia tochi hapa chini, usije ukateleza."

"Usiwashe! Baba, nakuomba! Mwanga utawaua!"

Kimya.

"Utawaua kina nani?"

Nilikuwa nimechoka, nikajibu ukweli. "Nyinyi! Wewe, mama mwenye nyumba, mama Shukuru, wote mmo humu. Nawaviringisha. Mkiona mwanga tu mmekwisha!"

Nje nikasikia Ayatul Kursi imeanza.

Nami ningewaelewesha, lakini watoto wa mtaani wakapiga yowe la furaha, na balbu ya choo, ambayo hakuna aliyekuwa ameizima, ikawaka juu ya kichwa changu. Sijawahi kukiona choo kile kinang'aa vile.

"Zimaaa!"

Baba Shukuru akazima. Akawasha tena kuhakikisha kama amezima. Akazima.

Nusu iliyokwisha kuingia kwenye spulu ilikuwa imeungua. Nusu iliyobaki ilikuwa bado ndani ya kikopo, salama. Nikamalizia, nikaifungia spulu ndani ya tangi lake dogo lisilopitisha mwanga, nikatoka, na watu wakanipisha njia pana kweli. Dakika 15 nilipindua lile tangi kwenye korido mbele ya jopo zima, hakuna aliyenisemesha. Mfuko mmoja wa ubuyu ulikuwa umepasuka ndoo ikawa nyekundu, jambo ambalo halikunisaidia.

Nilipoitundika filamu kwenye kamba, mwanzo wote ulikuwa mweusi tii. Pantoni, Feri, vyote. Askari kavumilia jua na mvua tangu 1927, kaja kufia chooni Tandika. Walionusurika ni wapangaji, mpaka beseni la Mama Shukuru.

Mama mwenye nyumba akasogea, akakodoa macho kwenye negativu. Akaona mwanamke mwenye uso mweupe, macho meusi na meno meusi, amekaa kwenye kiti chake.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiyo mama, lakini subiri..."

Nikaipiga kwa simu, nikageuza rangi, akajitokeza: kanga, shavu, mkono, mwanamke wa haja. Akaishika simu muda mrefu. Baba Shukuru, ambaye alikuwa ametoka chooni na amani imemrudia, akachungulia akalalamika pikipiki imekatwa tairi.

"Mkono umeunenepesha," mama mwenye nyumba akasema mwishowe. "Lakini nitumie."

Sasa umeme ukikatika, choo kinafungwa kwa kufuli na ufunguo anao yeye. Ukienda kuuomba anaufinya kwanza mkononi, anakuuliza:

"Kubwa, ndogo, au picha?"