Oktani Huchaguliwa Siku ya Kuagiza Gari

Mdogo wangu anaishi Iringa na mke wake na watoto watatu, na kwa miezi miwili mazungumzo yetu ni Harrier tu. Si ile ya zamani tunayoiita tako la nyani. Anataka toleo lililofuata, Anaconda, tena ile ya turbo. Wiki iliyopita akaniuliza kwenye simu: "Kaka, hii ikifika nitakuwa naiwekea mafuta gani?" Nikashukuru Mungu kwamba ameuliza kabla hajatuma hela Japani, kwa sababu hilo si swali la sheli. Ukishafika sheli na funguo mkononi, mambo yameshaamuliwa. Sheli nyingi za mikoani zina pampu ya petroli na pampu ya dizeli, basi. Hakuna petroli ya daraja la kwanza na la pili ya kuchagulia.

Watu wengi wanaamini oktani ni nguvu, kwamba namba ikipanda gari litakimbia. Si hivyo. Ndani ya silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli unakandamizwa na pistoni mpaka unapata joto kali, halafu unatakiwa usubiri cheche ya plagi. Petroli yenye oktani ndogo haina subira: sehemu yake inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Sauti yake ni kama kokoto ndani ya kopo, hasa unapokanyaga mafuta mlimani. (Fundi akikuambia injini "imenoki" anaweza kuwa anamaanisha beringi zimekwisha, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa.) Oktani ni kipimo cha subira hiyo. Injini isiyokandamiza sana haihitaji subira kubwa, na ukiipa haina pa kuitumia. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kiliyapima magari yaliyotengenezwa kwa petroli ya kawaida yakiwa yamewekewa ile ya bei juu. Hayakuongeza nguvu wala kupunguza ulaji kwa kiasi cha maana.

Kinachotuchanganya zaidi ni namba zenyewe. Gari zetu nyingi zimetoka Japani, na Japani wana petroli mbili: regula, ambayo kiwango chao kinataka isipungue 89, na haioku, isiyopungua 96. Pampuni huwa ni kama 90 na 100. Petroli yetu huku inaipita ile regula yao. Kwa hiyo mwenye RAV4, Vanguard ya lita 2.4, X-Trail isiyo na turbo au Harrier ya kawaida ya lita 2.0 hana sababu ya kukosa usingizi. Gari lake lilizaliwa likinywa mafuta ya chini kuliko haya.

Halafu mtu anaingia mtandaoni, anakuta Mmarekani anaandika kwamba SUV yake inatumia 87, anaanza kudhani sisi tunapewa mafuta ya ajabu. Wamarekani wanapima kwa njia mbili na kuandika wastani wake, sisi na Wajapani tunatumia njia moja, ile inayotoa namba kubwa. Ile 87 ya Marekani kwa kipimo chetu ni kama 91 au 92. Na pale Mmarekani anapoandika "lazima 91", kwa lugha yetu anasema 95 au 96. Nimeona watu wazima wakibishana usiku kucha kwenye kundi la WhatsApp kwa kutojua hili tu, kila mmoja akiwa sahihi kwa kipimo chake.

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Harrier ya turbo ilianza kuuzwa Japani mwaka 2017. Ina nguvu farasi 231, wakati ile ya kawaida ina 151, na hiyo tofauti haikutoka hewani. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda, joto na mkandamizo vinapanda, na Toyota wameandika haioku. Forester XT ni hivyo hivyo, na X-Trail GT ya zamani vilevile. Ukiweka petroli ya chini ya iliyoandikwa, gari halitazima barabarani. Sensa inasikia injini inagonga, kompyuta inachelewesha cheche, na wewe unabaki na gari zito linalokula mafuta zaidi. Umelipia farasi 231 na baadhi yao wamefungwa bandani. Ukiendelea kulikamua hivyo, likiwa limebeba mzigo, kwenye joto, pistoni ndizo zinazoumia.

Mazda wao walikubali jambo hili waziwazi. CX-5 ya petroli ya lita 2.0 ilipotoka, ya Ulaya, ambako petroli ya kawaida ni 95, waliipa mkandamizo wa 14 kwa 1. Ya Japani, ya kunywa regula, wakaishusha hadi 13 kwa 1. Injini ile ile, ila walitazama kwanza petroli ya mahali inapokwenda. Sisi tunaoagiza gari zilizotumika hatuna kiwanda cha kutufikiria hivyo, inabidi tujifikirie wenyewe.

Tiguan na wenzake wa Ulaya waliopitia Japani wasikutishe sana kwa lebo. Zinaandikwa haioku kwa sababu zinataka 95 na Japani 95 haiuzwi, kwa hiyo wenyewe wanapandishwa mpaka 100. Soma kitabu cha gari cha Ulaya ndipo uamue.

Nilimwambia pia asidanganyike na mwinuko. Ni kweli Iringa iko kama mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inakandamiza hewa kidogo kuliko Dar, kwa hiyo hata oktani inayohitaji inashuka. Lakini turbo kazi yake ni kuirudisha hewa iliyopungua. Na barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Iringa inapanda mlima Kitonga. Umetoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto, umenunua gunia la vitunguu, watoto wamejaa nyuma, mbele yako lori linapanda kwa mwendo wa konokono. Pale ndipo injini inapodai subira yote ya petroli. Ukisikia kokoto, punguza mguu, shusha gia, iache izunguke. Usiikandamize kwenye gia kubwa.

Mimi niliwahi kuzisikia pale pale, ndani ya RAV4 yangu ambayo haina turbo wala makuu. Nilikuwa nimejaza tenki asubuhi ile kwenye sheli moja njiani. Nilifika, nikatumia mpaka taa ikawaka, nikajaza kwingine, sauti ikapotea na haijarudi. Siwezi kuthibitisha kilichokuwemo tenkini, lakini tunajua historia yetu. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli yanaishusha oktani vibaya, na ndiyo maana EWURA, wasimamizi wa biashara ya mafuta, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye oktani unayoweza kuichagua kila siku: sheli yenye magari mengi, unayoijua, na risiti unayoitunza. Ile pesa ya chupa za kuongeza oktani zinazouzwa kwenye duka la vipuri, mimi naiweka kwenye plagi sahihi na chujio la hewa. Gari langu halijawahi kulalamika.

Nilipomwambia aachane na turbo, mdogo wangu alinuna siku mbili. Shemeji yangu ndiye aliyemaliza kesi, aliposema safari zao ni shule, kanisani na Mafinga kwa mama. Nikamwambia mdogo wangu amwombe muuzaji picha moja zaidi, ya ndani ya kifuniko cha tanki, atafute ハイオク (haioku) au レギュラー (regula). Jana usiku picha imeingia. Harrier nyeupe, isiyo na turbo, na kibandiko kimeandikwa レギュラー.