Mkwe wa mwaka 1901

Nyie wazazi mnaoona mtoto wa kike katulia kitandani na kitabu mkadhani ni Biolojia, hebu kisomeni na nyie. Mi nimekisoma. Kinaitwa Twilight, cha mama mmoja wa Marekani, Stephenie Meyer, kilitoka 2005. Umeme ulikuwa umekata mtaa mzima, simu haina chaji, mpira ndo hivyo tena, nikawasha mshumaa nikasema ngoja nione huyu mtoto usiku analizwa na nini.

Hadithi yenyewe: Bella, binti wa miaka 17, katoka Phoenix kwa mama yake kwenye jua lake zuri, kahamia kwa baba yake mji unaitwa Forks, jimbo la Washington, mvua haikati. Shuleni kapangwa kukaa na kijana mweupe pee, anaitwa Edward, chakula hagusi, anamkodolea macho vibaya mpaka mtoto wa watu anajiuliza kama ananuka. Kumbe mwenzake mnyonya damu, anapambana na kiu. Sisi utotoni ukisikia mumiani kaonekana mtaani, magharibi haijaingia ushajifungia ndani, huyu kajua kabisa ni mumiani na ndo kwanza kapanda Volvo yake.

Sasa hayo ya mapenzi nawaachia wenyewe, mimi shida yangu ni umri. Edward kazaliwa 1901! Alikuwa anakufa na yale mafua ya Hispania huko Chicago 1918, daktari akamng'ata, akagandia hapohapo kwenye 17. Mwaka 1918 hapa kwetu Mjerumani na Mwingereza bado wanakimbizana maporini. Na huyo daktari, anayejifanya ndo baba, yeye ni wa London miaka ya 1600 huko, Mreno bado kakalia Fort Jesus Mombasa. Halafu Charlie, baba wa binti, mkuu wa polisi wa mji mzima, hata hamsini hajafika. Siku kijana anakuja nyumbani kumchukua binti, nani anamwamkia nani? Kwa hesabu yangu baba mkwe ndo anatakiwa ainuke kwenye kochi atoe shikamoo, mkwe aitike marahaba mwanangu, halafu aondoke na mtoto.

Na jamani, mtu hafi, halali usingizi, hela anayo, anaenda wapi? Sekondari! Wakihama mji wanaanza shule upya. Mi form four nimefanya mara moja tu na mpaka leo nikiota mtihani wa hesabu naamka shati limelowa. Hiyo Biolojia anaisomea nini wakati moyo wenyewe haudundi?

Charlie ndo mtu pekee niliyemuelewa humo ndani. Anarudi kazini hoi, kupika hajui, wikiendi anaenda zake kuvua samaki. Usiku mmoja kahisi binti anataka kutoroka, akatoka taratibu akachomoa waya za betri ya gari la mtoto. Baba huyo! Nilipiga makofi peke yangu gizani. Kumbe masikini kijana yuko chumbani juu muda wote huo, na wala si mara ya kwanza, usiku huwa anaingia anakaa anamtazama binti akiwa amelala fofofo, na kwenye kitabu hilo ni jambo zuri, unatakiwa ulegee. Mwaka 1995 Pemba na Unguja watu walikuwa wanalala nje makundi makundi wakimkwepa popobawa, huyu anaingia kwa raha zake. Wenzetu dirisha halina nondo, halina wavu, sijui hata mbu wanawafanyaje.

Eti na familia nzima wanajiita hawali nyama, maana wanakunywa damu ya wanyama tu! Edward anapenda puma, kaka yake dubu. Huku kwetu askari wa wanyamapori wangeshalala nao mbele zamani.

Asubuhi nikamuuliza binti, mwanangu, hapa kinachowaliza ni kipi hasa? "Baba na wewe, si anajizuia kwa sababu anampenda!" Mama yake akadakia toka jikoni, "Baba Neema ataelewa wapi mambo ya kujizuia, muwekee chapati hapo uone."

Sikumjibu, nilikuwa natafuna.

Kuna vingine vitatu mbele, binti kanisimulia mpaka cha mwisho cha 2008. Wanaoana, wanapata mtoto, na yule Jacob anayegeuka mbwa mwitu, aliyekuwa anamtaka Bella, anamuona kachanga ndo kwanza kamezaliwa, papo hapo roho yake inafungika kwake maisha yote. Kachanga! Nikauliza mshenga ni nani, binti ananitazama tu. Barua ya posa inapelekwa kwa nani sasa, kwa babu Charlie, kwa baba mtu wa 1901, au kwa yule daktari wa enzi za Mreno, maana kwa umri kikao anatakiwa aongoze yeye na sura yake ni ya kijana wa miaka 23.