Mia nne kwa mia nne, halafu?

Juzi jamaa mmoja kwenye kundi letu la Planet Zoo, mchezo wa kompyuta wa kuendesha bustani ya wanyama, katuwekea bongo wake, yule swala mkubwa wa misituni: ukubwa 100, maisha marefu 100, uzazi 100, kinga 100. Pongezi zikamiminika utadhani kaoa. Akaongeza kwamba "takataka" zilizobaki kaziachia porini, kavuna pointi za uhifadhi. Yaani takataka ndizo za kupeleka porini?

Simlaumu sana, mchezo wenyewe umemlea hivyo. Unachuja soko la wanyama la humo mchezoni kwa asilimia, unanunua dume la bei mbaya, vizazi vichache tu banda zima lina namba zilezile. Haya, ndugu wakizaana unaadhibiwa, uzazi na kinga vinaporomoka. Hilo wameliweka, nakubali. Lakini mbegu nzuri bado inapimwa kwa mnyama mmoja mmoja, na hapo ndipo uongo ulipo.

Kwenye bustani za kweli mbegu yenye thamani ni ile adimu. Jike mfupi, asiye na mvuto wowote, lakini ndugu zake wachache kwenye daftari la nasaba, huyo ndiye anayetafutiwa mwenza hata nchi ya mbali. Handsome mwenye ukoo uliojaa kila bustani anaambiwa akae pembeni. Au yanamkuta ya Marius, twiga wa Copenhagen: Februari 2014, mzima wa afya, bado kijana, bustani yake ikamuua, nyama wakala simba, kisa damu ya ukoo wake imeshazidi kwenye mpango wa uzalishaji wa bustani za Ulaya. Kumpasua mbele ya watoto, hilo siwezi kulitetea. Hesabu yao lakini naielewa.

Na bongo tena, jamani! Bongo wa milimani porini kabaki Kenya tu, kwenye vipande vya misitu kama Aberdare na Mau. Mwaka 2004 walirudishwa 18 Mlima Kenya kutoka bustani za Marekani, uzao wa waliokamatwa Kenya hiyohiyo miongo kadhaa nyuma. Wangechaguliwa kwa akili za soko letu, wangeshuka ndegeni wote 18 wa baba mmoja, wote wakubwa, wote wanapendeza, na wote wanakufa kwa ugonjwa mmoja.

Nanyi wachezaji mnaosaka wanyama weupe (albino) tu, leo sina nguvu nanyi.

Frontier, watengenezaji wa mchezo huu, waweke kipimo cha tano, cha uadimu wa ukoo, na pointi nono zaidi za uhifadhi zitoke hapo. Najua soko litapooza. Lipooze.