Kuchangia macho: fundi na kibarua waambiwe nini?

Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, ulioko Jamhuri ya Czech ya leo, daktari Eduard Zirm alimpandikiza konea (utando angavu wa mbele ya jicho) kibarua Alois Glogar, aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Jicho moja lilipata kuona tena, na huo ndio unaohesabiwa kuwa upandikizaji wa kwanza wa konea kufanikiwa kwa binadamu. Mwanzo huo nauona kuwa mzito kila ninaposikia hoja kwamba wafanyakazi wa mikono wasisumbuliwe na habari za kuchangia macho.

Wenye hoja hiyo hawasemi ovyo. Mtu anayeshinda akikata chuma kwa grenda, cheche zikimrukia usoni bila miwani ya kujikinga, akiombwa ajaze fomu ya kutoa macho baada ya kufa, ana haki ya kuuliza mbona hakuna aliyeyajali macho hayo angali hai. Tena kwa aliyeungua vibaya kwa chokaa au saruji, konea mpya mara nyingi haidumu, kwa sababu seli za ukingoni zinazoifanya konea ijiponye huwa zimekufa. Huyo angeokolewa zaidi na maji safi yaliyo karibu, jicho likaoshwa papo hapo kwa dakika 15 au zaidi.

Hata hivyo, kumficha habari ni kumpunguzia heshima. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba konea moja tu ilipatikana kwa kila watu 70 walioihitaji, na miongoni mwa wanaongoja wamo mafundi waliochomwa na vipande vya chuma na wakulima waliokwaruzwa na majani, kidonda kikaingia fangasi, kikaacha chamba jeupe. Aliyevaa miwani miaka yote, au mwenye mtoto wa jicho, hudhani macho yake yamekwisha kazi, ilhali konea yake yaweza kuwa safi kabisa. Na uso wa marehemu hauharibiki, kama wengi wanavyohofia.

Kwa maoni yangu, mazungumzo yawe mamoja na yaanzie kwenye kinga. Anayegawa miwani na kufundisha kuosha jicho ndiye aeleze pia uchangiaji, na mfanyakazi aende nyumbani na namba ya benki ya macho, yaani kituo kinachopokea na kuhifadhi konea zilizochangiwa, awaambie ndugu zake, kwa kuwa ndio watakaopiga simu, na konea sharti ichukuliwe ndani ya saa chache.