Shemeji na dozi yake

Jamani, huyu shemeji yangu atakuja kutumaliza mtaa mzima, na wala hana panga.

Juzi kapimwa zahanati, kakutwa na malaria. Kapewa dawa ya mseto: vidonge 4 asubuhi, 4 jioni, siku 3, jumla 24, tena ameze na chakula chenye mafuta ili dawa ifanye kazi vizuri. Hapo kwenye mafuta alitii kuliko askari. Maziwa, chapati, chipsi mayai, vyote kwa pesa yangu. Homa iliposhuka tu, huyo barazani anacheza bao. Nusu ya vidonge kavifunga kwenye kipande cha gazeti, kavichomeka juu ya kabati.

"Vya nini hivyo?"

"Akiba, shem. Malaria si itarudi?"

Itaachaje kurudi, baba! Dozi nusu inaua vimelea wanyonge, wale wakorofi wanabaki wanazaana. Anawapa tuisheni bure, ndani ya nyumba ninayolipa kodi mimi.

Waliomeza klorokwini, ile dawa ya malaria ya zamani, wananielewa. Chungu ile, halafu unajikuna mpaka nyayo, unatamani bora ungebaki na homa yako. Tumejikuna miaka nenda rudi, vimelea vikaizoea, mwaka 2001 serikali ikaiweka kando. Ikaja dawa ya SP, vidonge 3 kwa mkupuo, umemaliza. Nayo haikufika mbali, 2006 ukatangazwa mseto. Sasa Rwanda na Uganda, hapo tu jirani, wameshaonekana vimelea vinavyoanza kuusumbua huo mseto. Tukifukuzwa na huu tunakimbilia wapi?

Mbu nao usiseme. Neti ina dawa ya jamii ya pareto, ua ambalo tunalilima wenyewe kule Iringa, lakini mbu wa siku hizi wanatua juu yake wanapumzika, wanasubiri mkono wako uguse ukingo.

Wiki hii shemeji kashikwa na mafua. Mafua ni ya virusi, dawa za bakteria hayazijui hata kwa sura. Yeye huyoo, duka la dawa: "Nipe zile za rangi mbili, nne tu." Na muuzaji, bila kuuliza lolote, kachukua mkasi, kakata shiti, kapokea hela. Karudi nyumbani, kameza mbili, mbili kanisogezea mimi mezani.

"Kunywa, shem. Nimesikia usiku ulikuwa unapiga chafya."