Mwalimu, Iweke Pembeni Hiyo Kalamu Nyekundu

Juzi mtoto wa dada yangu, anayesomea uuguzi hapa hapa Dodoma, alikuja nyumbani na daftari. "Mama mdogo, nisaidie kurekebisha, Jumatatu natakiwa kulirudisha." Nikadhani ni mpango wa huduma kwa mgonjwa wa kisukari, mambo ninayoyaweza hata nikiwa nimesinzia. Kumbe chuo chao kimeanzisha utaratibu wa wanafunzi kuandika yanayowasibu wodini ili kupunguza msongo wa mawazo. Nikafurahi kweli. Nikafungua. Furaha yangu haikufika ukurasa wa pili.

Binti ameandika kuhusu bibi mmoja aliyekuwa akimlisha uji kila asubuhi. Bibi alipofariki, yeye na mwenzake ndio waliotumwa kumsafisha na kumfunga, kisha akaambiwa awahi kupima presha kitanda cha jirani. Ameandika kwamba mikono yake ilinuka sabuni ile hadi jioni na chakula hakikupita. Ameyaandika kwa Kiingereza, maana ndiyo amri. Pembeni, kwa wino mwekundu: usitumie "mimi", tumia "mwanafunzi". Hisia zimezidi. Hatua hazijafuatana. Sarufi! (Alama ya mshangao ni ya mwalimu, si yangu.) Na chini kabisa: 9 kati ya 20.

Yaani kilio kimefeli. Sijui kama atapewa sapu ya kulia upya.

Kinachoniuma ni kwamba wazo lenyewe ni zuri, na lina historia. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, huko Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu Texas. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Kundi moja liliandika mambo ya kawaida tu yasiyomgusa mtu. Wengine waliandika juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote maishani: kuna walioeleza tukio tu, walioeleza hisia tu, na waliochanganya tukio na walivyojisikia. Mara tu baada ya kuandika, walioandika machungu yao walijisikia vibaya zaidi, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kulia anaweza kulielewa. Lakini katika miezi iliyofuata, waliochanganya tukio na hisia walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wengine. Walioeleza tukio tu, kavu kavu, hawakutofautiana sana na wale walioandika mambo ya kawaida.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho, mwalimu. Tukio tu, bila hisia, halikusaidia. Na wewe umeshika kalamu unafuta hisia ili libaki tukio. Maelekezo ambayo Pennebaker amekuwa akiwapa watu miaka yote hii yanasema waziwazi usijali tahajia, usijali sarufi, andika tu bila kusimama. Wewe umeweka "Sarufi!"

Mtakaosema mwalimu ana nia njema, nawasikia. Najua pia kuna maandishi ya kutafakari ambayo lazima yasomwe na mkufunzi. Ule mzunguko wa Gibbs wa mwaka 1988, wenye hatua sita kuanzia kueleza kilichotokea hadi mpango wa siku nyingine, umewasaidia wauguzi wengi kujifunza kutokana na kazi yao. Sawa, uendelee, upewe alama na muhuri kama mnapenda. Lakini hilo ni somo. Msilipachike jina la tiba, halafu mkamwambia mtoto amejitibu chini ya wastani.

Mwanafunzi wa uuguzi ndiye mtu wa chini kabisa pale wodini. Daktari anamtuma, sista inchaji anamtuma, muuguzi wa zamu anamtuma, ndugu wa mgonjwa anamfokea, na mlinzi getini anamuuliza kitambulisho kila siku kana kwamba amezaliwa jana. Kila anachoandika kinasomwa na mtu mwingine: chati, ripoti ya zamu, kitabu cha mazoezi kinachosubiri sahihi. Hana sentensi hata moja iliyo yake. Sasa mnamletea daftari na kumwambia jimwage, halafu msomaji ni yule yule anayeamua kama ataingia mtihani. Atajimwaga nini? Ataandika kwamba sista alimtukana mbele ya wagonjwa, wakati sista huyo ndiye wa kumsainia? Ataandika kwamba usiku aliogopa kumkaribia mgonjwa aliyekuwa anakata roho, akajifanya anatafuta glovu? Ataandika kwamba hii kazi alichaguliwa na baba, na kila asubuhi anavaa sare nyeupe akitamani mvua kubwa ifunge barabara? (Dodoma hii! Mvua yenyewe ya kubahatisha.)

Hawezi. Ataandika kile mnachotaka, na watoto wa siku hizi wanajua haraka mnachotaka. Huyu wangu alikuwa ameshaandaa toleo la pili kichwani: amejifunza umuhimu wa ushirikiano kazini na kumhudumia marehemu kwa heshima. Nikamuuliza, "Na ile sabuni?" Akasema, "Hiyo naitoa, mama mdogo. Haina maksi."

Hapo ndipo nilipoamua kuandika makala hii badala ya kulala.

Kwetu mtu akifa tunalia. Nenda msiba wowote huko Mvumi au Bahi uone: wanawake wanaingia uwanjani na sauti tangu mbali, wanajitupa, wanashikwa, wanakaa siku kadhaa, wanasimulia marehemu alivyokuwa hadi kifua kinakuwa chepesi. Muuguzi hana msiba. Anafunika, anasukuma kitanda, ananawa, anamsalimia mgonjwa mwingine kwa uso mkunjufu. Muuguzi wa zamani ana mahali alikojifunza kuuweka uzito huo, hata kama mahali penyewe ni ulimi mkali tunaowalaumu nao. Binti wa miaka 20 hana. Ukurasa wa siri usiku ungekuwa msiba wake mdogo, na nyie mmeingia matangani na karatasi ya kusahihishia.

Kila tarehe 12 Mei tunawasha mishumaa na kula kiapo kwa jina la Florence Nightingale. Mama yule tunayemchora ametulia na taa yake mkononi aliacha lundo la barua, na pia maandishi ya faragha aliyojiandikia mwenyewe, yenye hasira na kukata tamaa ndani yake. Hakuyapeleka kwa mkufunzi. Lakini hilo halisemwi kwenye sherehe; tunagawana keki na kurudi zamu.

Mtu ataniambia kwa nini wasiende kwa washauri. Waende, tena mwanafunzi asiyelala wiki nzima au anayewaza kujidhuru asipewe daftari, apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Ila tuongee kama watu wa Dodoma. Tumekua tukitaniana "wewe utapelekwa Mirembe", na hospitali ile ya afya ya akili tumeigeuza tusi la mtaani. Hata wanaosomea kazi hii wanaogopa kuonekana na mtu anayewajua. Karatasi haikusimulii kwenye daladala.

Isipokuwa ukiisahau kwenye daladala, nakubali. Kwa hiyo msiandike jina la mgonjwa, wala namba ya kitanda, wala kijiji alikotoka. Siri ya mgonjwa haiishi kwa sababu wewe una huzuni. Ukimaliza, chana, choma, tupa chooni, ni yako.

Na lugha? Andikeni kwa lugha mnayolilia. Kiswahili, Kigogo, Kirangi, vyote kwa pamoja. Sijawahi kumsikia mtu wa hapa akijikwaa kidole akapiga kelele kwa Kiingereza.

Sidai kalamu inaponya kila kitu. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za uandishi wa namna hii, akakuta faida ipo kweli, ila ni ndogo. Ndogo haiongezi wauguzi kwenye zamu ya usiku wala haimzuii mtu kumfokea mwanafunzi. Wakuu wakianza kugawa madaftari badala ya kupunguza mzigo wa kazi nitakuja na makala nyingine, tena ndefu. Lakini kitu chenye faida ndogo na gharama ya karatasi moja hakihitaji kamati. Kinahitaji kuachwa.

Dakika 15 baada ya kukabidhi zamu, kabla ya kurudi bwenini kwenye vitanda vya kupandana na redio za watu. Ukiona jambo linakuzidia hadi unatetemeka, acha, andika lingine. Hata Pennebaker anashauri hivyo.

Na msiniambie mkaguzi atadai ushahidi. Karatasi ya mahudhurio mnayo. Waingie, wasaini, mlango ufungwe, waandike, watoke na maandishi yao mfukoni. Mkaguzi asome sahihi. Akitaka kusoma zaidi ya hapo, atangulie yeye kutuletea ya kwake, kwa Kiingereza safi, bila kutumia "mimi".