Talaka ya Alama 14

Asubuhi moja mke wangu aliambiwa kwamba yumo edani kabla hajapiga mswaki, na aliyempa habari hiyo alikuwa mama yake mzazi. Mimi niliyedaiwa kumwacha sikuwa na habari yoyote. Nilikuwa msikitini, na Mwenyezi Mungu anisamehe, kwani hata katika sijda nilikuwa nikijikumbusha maneno ya Kiingereza ya herufi tano ambayo yana Q lakini hayana U.

Anayecheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa vigae vya herufi vyenye alama, ataelewa. Mchezo huo una vigae 100, na miongoni mwake Q ni kimoja tu na U ni vinne; na kwa kuwa Kiingereza hakiiruhusu Q kutembea bila U nyuma yake isipokuwa katika maneno machache, mchezaji aliyeokota Q pekee huwa kama mtu aliyekabidhiwa mbuzi bila kamba. Kigae hicho kina alama 10, lakini mchezo ukiisha kingali mikononi mwako, alama hizo 10 unakatwa. Kwa hiyo wachezaji wa mashindano huhifadhi orodha ya maneno hayo machache, wala hawajali yana maana gani. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 ilhali hajui kuzungumza Kifaransa. Alikuwa ameyahifadhi maneno tu, kama yalivyo. Niliposoma habari zake nilisema, nami naweza. Huyo ndiye aliyeniponza.

Klabu yetu hapa Mombasa ilikuwa na mashindano siku ya Jumamosi. Katikati ya juma nikaandika orodha yangu katika daftari la mwanangu: QIBLA, FAQIR, NIQAB, QADIS, WAQFS, TALAQ, pamoja na QANAT, ambayo ni mifereji ya maji ya chini ya ardhi kama ile ya Uajemi. Msomaji wa pwani bila shaka ameshaliona shimo nililokuwa nikijichimbia. Waingereza waliyapata mengi ya maneno haya kwa Waarabu, wakaibakiza ile herufi yao ya qaf kwa umbo la Q. Sisi tukayapata huko huko, tukayapa K na kuyakaribisha majumbani mwetu: kibla, fakiri, nikabu, kadhi, wakfu, talaka. Lakini mimi wakati ule sikusikia kibla wala talaka. Nilisikia herufi tano, Q ndani, U hamna.

Kosa la pili ni la malezi. Mimi nilisomeshwa madrasa ya zamani, ambako somo liliingia kichwani kwa kupitia kooni, na mpaka leo siwezi kuhifadhi kitu kimya kimya. Neno linalonishinda hulirudia mara tatu, kwa kuvuta, nikitikisa kichwa.

Basi usiku ule, yapata saa sita, nilikaa sebuleni na daftari langu. Mke wangu alikuwa amelala na mtoto. Chumba cha wageni kimetengwa na sebule kwa ubao mwembamba wa plaiwudi, na nyuma ya ubao huo alilala mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Lamu kumwona mjukuu wake. Alivyosimulia baadaye mbele ya wazee, kwanza alinisikia nikitaja kibla, akadhani naapa. Kisha nikasema fakiri, akajua kwamba umasikini wa kwao unasimangwa. Nikasema nikabu, akaona ugomvi umefika kwenye mavazi ya bintiye. Niliposema kadhi, aliketi kitandani. Jambo lililomtia uchungu zaidi, alisema, ni kwamba binti yake hakusikika akijibu hata neno moja, akatambua kwamba amemlea vizuri.

Sasa TALAQ ilikuwa inanitoka, kwa sababu A zake mbili nilikuwa nikizipanga vibaya. Nikalitamka neno hilo mara ya kwanza. Nikalirudia. Mara ya tatu lilipokaa sawasawa, nikapiga paja kwa furaha na kusema, «Alhamdulillahi, nimemaliza!» Kisha nikazima taa, nikaenda kulala kando ya mwanamke ambaye, kwa hesabu za upande wa pili wa ubao, hakuwa tena mke wangu.

Niliporudi kutoka sala ya alfajiri niliwakuta wajomba zake watatu barazani, wamevaa kofia za vito. Niliwaamkia, wakaitikia wakiangalia ukuta. Nikawakaribisha kahawa, wakasema wameshakunywa, nao ni watu ambao sijawahi kuwaona wakikataa kahawa hata mazikoni. Nikaita ndani niletewe chai. Pazia likafunuka kiasi cha shubiri moja, ukatoka mkono wa mama mkwe wenye bangili zake mbili, ukaweka kikombe sakafuni na kurudi ndani kama kobe. Chai ilikuwa ya rangi, haina sukari, wala mahamri hayakufuata.

Nikasogea mlangoni. Mke wangu alikuwa amesimama ukumbini amevaa buibui na nikabu, ndani ya nyumba yake, saa kumi na mbili asubuhi, na macho yake mawili yakiniuliza maswali elfu. Naona haya kukiri kwamba jambo la kwanza kunijia akilini lilikuwa: N, I, Q, A, B, alama 16.

«Umetamka talaka usiku?» aliniuliza mjomba mkubwa.

Nilitaka kukana, lakini ukweli ni kwamba neno nilikuwa nimelitamka. «Nimetamka, mjomba.»

«Mara ngapi?»

«Tatu.»

Akafumba macho. «Na kosa lake ni nini?»

«Lina Q,» nikasema, «na halina U.»

Ilibidi aitwe Maalim wa mtaa. Nilipoeleza kwamba ulikuwa mchezo, mama mkwe alikohoa nyuma ya pazia na kukumbusha, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta, kwamba talaka haina mzaha, na ya mzaha hupita kama ya kweli. Maalim alikiri kwamba ndivyo ilivyopokewa. Nikahisi jasho likiteremka mgongoni. Kisha akaomba daftari. Akavaa miwani, akaisoma orodha neno kwa neno, akanisahihisha qaf zangu mbili zilizokuwa zikitokea mbele mno ya koo, na hatimaye akauliza ni nani niliyekuwa nikimwambia. Nikasema, daftari. Akaeleza kwamba mwalimu anayelitaja neno hilo darasani hamwachi mkewe, kwa kuwa analitaja neno, hamtamkii mtu. Ndoa ipo.

Wajomba wakakumbuka kwamba kahawa walikuwa hawajainywa. Maalim, hata hivyo, hakulirudisha daftari. Alitaka kujua zile tarakimu pembeni ni za nini, nikamweleza kwamba ni alama za kila neno. Akazifuatisha kwa kidole. «Wakfu 20,» akasema, «talaka 14, na ndiyo ya chini kuliko zote hapa za kidini. Kumbe hata wao wameliona.»

Mke wangu alinirudia siku hiyo hiyo, kwa sharti moja: alichukua kalamu nyekundu na kulifuta neno lile katika orodha, akanitaka niahidi kwamba halitatoka kwangu tena, kwa mdomo wala kwa vigae.

Jumamosi, katika mchezo wa mwisho, niliokota T, L, Q na A mbili. Mahali pa kuziweka palikuwa wazi, penye kuzidisha neno mara mbili, alama 28 taslimu. Nilizitazama kwa muda mrefu mpaka mpinzani wangu akaniuliza kama naumwa. Nikarudisha Q mfukoni, nikapoteza zamu. Yeye akacheza zamu yake, akaingiza mkono, akaitoa Q ile ile, na zamu iliyofuata, mahali pale pale, akaandika FAQIR.